Hati ya Kiapo

Mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa kwanza huvutiwa na mawakili wanaounguruma mahakamani. Mimi ningemtuma kwanza akaandike hati ya kiapo. Ni maandishi mafupi yasiyo na madaha, lakini sijaona kazi nyingine inayomfunza mtu upesi namna hii kutenganisha alichokiona, alichosimuliwa na anachokidhania.

Chukua mgogoro wa mpaka wa shamba. Mteja, mzee mwenye uchungu wake, anasema: "Jirani yangu mnyang'anyi, kang'oa mikonge ya mpakani usiku, kijiji kizima kinajua." Mwanafunzi anayaandika yote pamoja na hasira yake. Mwalimu anaisoma rasimu na kuanza kuuliza. Nani alimwona akiing'oa? Mzee mwenyewe? Hapana, aliambiwa na mwanawe. Basi mwana aitwe, aape hati yake mwenyewe. "Mnyang'anyi" anafutwa, maana hiyo ni hukumu, nayo ni kazi ya hakimu. "Kijiji kizima" nacho kinaondoka, kwa kuwa kijiji hakiapi. Inabaki aya moja: kwamba asubuhi ya tarehe iliyotajwa, mzee alifika shambani akakuta mikonge aliyoipanda mwenyewe imeng'olewa na mashimo yake yamefukiwa. Aya hiyo haina hata neno moja kali, lakini ndiyo itakayomnyima usingizi wakili wa upande wa pili.

Kanuni hii ina mizizi Afrika Mashariki yenyewe. Miaka ya 1960, katika shauri la Uganda dhidi ya Kamishna wa Magereza, lililomhusu Michael Matovu, mahakama ya Uganda ilieleza kwamba hati ya kiapo inashika nafasi ya ushahidi wa mdomo, kwa hiyo isibebe hoja za kisheria, maombi wala hitimisho. Mawakili wa Tanzania wanalitaja shauri hilo hadi leo.

Kisha kuna mistari ya mwisho, ile inayoonyesha kiapo kimeliwa wapi, lini na mbele ya kamishna gani wa viapo. Mwanafunzi huiona mapambo tu. Yapo maombi yaliyoondolewa mahakamani, hoja zake hazijasikilizwa, kwa sababu mahali au tarehe ya kuapa haikuandikwa.

Na tangu 2021, sheria ya Tanzania ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, kazi hii imezidi kuwa tamu. Mzee wa shamba anaweza kuisikiliza hati yake bila mkalimani na kusema, "Hapo sivyo nilivyosema." Haki hiyo ni kubwa, kwani anayeapa ni yeye, na kiapo cha uongo ni kosa la jinai.

Kwa hiyo, wewe unayeanza, kabla hujampeleka mteja kwa kamishna, msomee hati yote, aya kwa aya. Akikusahihisha, shika kalamu urekebishe.