Wasifukazi Unaostahimili Maswali

Ingia saiba yoyote ya Malindi au Kilifi mjini, omba uchapiwe sivii, na kijana wa kompyuta atakufungulia faili ambalo limekwisha kutumiwa na watu wengi kabla yako. Atafuta jina la aliyetangulia na kuandika lako. Yanayofuata unayajua: tarehe ya kuzaliwa, jinsia, dini, hali ya ndoa, nambari ya kitambulisho, sanduku la posta. Kisha lengo la maisha, elimu tangu darasa la kwanza, tajriba, uraibu, na warejelewa watatu, mmoja wao chifu au mchungaji. Mhitimu aliyekaa Chuo Kikuu cha Pwani miaka minne hutoka hapo na kurasa tatu, na hata ukizisoma zote bado hujui anaweza kufanya kazi gani.

Kiolezo hicho hakikuzuka saiba. Tulifunzwa darasani. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika KCSE huwa na swali moja la lazima la insha ya kiuamilifu, lenye alama 20, na wasifukazi ni miongoni mwa insha ambazo mwanafunzi huandaliwa kuziandika. Mtahini hutafuta sura: je, maelezo ya kibinafsi yapo, elimu ipo, tajriba ipo, uraibu upo? Kwa mtihani ni haki kabisa, kwa sababu mtahiniwa anamsimulia mtu wa kubuni na mtahini hana haja ya kujua kama mtu huyo yupo. Mwajiri hana alama za sura. Ana rundo la karatasi mezani, na kila mstari anausoma akijiuliza: nikimwita huyu na kumhoji juu ya jambo hili, atakuwa na la kusema? Hicho ndicho kipimo ninachokishika katika uchambuzi huu. Mstari usioweza kuulizwa swali umechukua nafasi ya mwingine.

Kwa kipimo hicho, nusu ya ukurasa wa kwanza inaondoka mara moja. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamkataza mwajiri kubagua kwa misingi ya dini, jinsia, kabila, ujauzito, ulemavu, hali ya ndoa na mengineyo. Hakuna sababu ya kumpa mkononi yale ambayo sheria inamzuia kuyatumia. Nambari ya kitambulisho nayo itoke. Karatasi hizi hupita mikononi mwa mawakala wanaoahidi kazi za Ghuba, na vijana wetu wengi wa Pwani huzituma kwa nambari yoyote ya WhatsApp iliyoambatana na tangazo. Jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na nambari ya kitambulisho vikikaa pamoja, tapeli hana la kutafuta tena. Alama za KCPE hazina kazi kwa mtu mwenye shahada. KCSE ibaki mstari mmoja, kwa kuwa matangazo mengi bado huulizia gredi.

Kazi za kaunti zina utaratibu wake, na hapa wahitimu wengi huchanganyikiwa. Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti hufuata Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, ambayo katika kifungu cha 65 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia zipewe watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa zaidi katika kaunti. Ndiyo sababu fomu za kazi za umma huuliza kabila na kaunti ya nyumbani; huuliza pia ulemavu. Maswali hayo yajibiwe kwenye fomu, kwa ukweli, na yaishie hapo. Vyeti vinavyodaiwa chini ya Sura ya Sita ya Katiba, vya HELB, KRA, EACC na DCI, navyo ni viambatisho tangazo likivitaka; havijengi wasifukazi. Katika hatua ya mchujo, afisa wa bodi huangalia kwanza kama kila kilichotakiwa kimo. Kwa hiyo soma tangazo neno kwa neno, na kama limetaka nakala zilizothibitishwa, peleka zilizothibitishwa.

Kazi yenyewe iko kwenye tajriba. Tuchukue, kwa mfano, mhitimu wa biolojia ya bahari na uvuvi. Ameandika: "Nilifanya atachimenti kwa miezi mitatu katika ofisi ya uvuvi ambapo nilisaidia kukusanya data na kutekeleza majukumu mengine niliyopewa." Mstari huu ni wa kweli, lakini haumsaidii. "Nilisaidia" imefunika kila kitu alichokifanya kwa mikono yake.

Mketishe umuulize siku ilivyokwenda, na mambo yanafunguka. Alikuwa akifika diko la Mayungu mashua zikirudi. Alitenganisha tafi na changu na pono, akapima urefu kwa ubao na uzani kwa mizani ya kuning'iniza, akaandika kama samaki walivuliwa kwa dema, mshipi au wavu. Akawauliza wavuvi walikuwa wangapi chomboni na walikaa baharini saa ngapi. Mambo hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayobeba takwimu zote: bila idadi ya wavuvi na saa zao, kilo za samaki haziwezi kukwambia kama bahari ina samaki au ina wavuvi wengi wanaogawana wachache. Mwanafunzi anayejua kwa nini alikuwa akiuliza saa ameshaelewa msingi wa usimamizi wa uvuvi. Lakini kwenye karatasi yake hakuna hata dalili ya hayo.

Uandike upya: "Nilirekodi samaki walioshushwa katika diko la Mayungu kwa miezi mitatu: aina, urefu, uzani, zana ya kuvulia, idadi ya wavuvi na saa za uvuvi. Niliingiza takwimu katika Excel, nikakokotoa wastani wa kilo kwa mvuvi kwa saa, na kumkabidhi msimamizi jedwali la kila mwezi." Urefu umeongezeka, lakini sasa kuna mahali, kuna kipimo, kuna zana, na kuna kitu kilichobaki ofisini baada ya yeye kuondoka. Kila kipande kinaweza kuulizwa, na kila swali lina jibu analolijua yeye mwenyewe.

Tarakimu zitatoka wapi? Kwenye logibuku. Kila mwanafunzi wa atachimenti hujaza daftari hilo siku kwa siku, msimamizi akatia sahihi, mhadhiri akatoa alama, kisha likatupwa juu ya kabati. Naona ni hasara kubwa. Logibuku ndiyo kumbukumbu pekee yenye sahihi ya mtu mwingine inayosema ulifanya nini, wapi, mara ngapi. Wasifukazi wa mhitimu uandikwe daftari likiwa wazi pembeni. Na pale ambapo daftari halina tarakimu, usiibuni. Mifano inayosambaa mtandaoni kutoka Marekani humfundisha kila mtu kudai kwamba aliongeza mapato kwa asilimia fulani. Mwanafunzi aliyekaa mapokezi ya hoteli ya Watamu kwa majuma 12 hana njia ya kuthibitisha dai la namna hiyo, na meneja anayejua hesabu za hoteli yake ataacha kumwamini kwenye mstari huo huo. "Nilipokea na kusajili wageni katika zamu ya asubuhi" ina nguvu zaidi, kwa kuwa ni kweli.

Mradi wa mwaka wa mwisho nao huandikwa vibaya. Wengi hunakili anwani yake ndefu ya kitaaluma na kuishia hapo. Sema ulichunguza nini, kwa njia gani, kwa sampuli ya watu au mimea mingapi, na ulipata nini. Sentensi mbili zinatosha.

Kuna jambo moja linalonisikitisha kila ninapolikuta: vijana wa hapa kuficha lugha zao. Huandika "Kiingereza na Kiswahili" kana kwamba Kigiriama, Kichonyi au Kikauma ni aibu ya nyumbani. Angalia nani anaajiri Kilifi. Mpango wa utafiti wa KEMRI na Wellcome Trust ulianza hapa mwaka 1989, na tangu 2000 umekuwa ukifuatilia kaya katika eneo la takriban kilomita mraba 900: nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Kazi hiyo hufanywa mlangoni kwa mtu. Mama anayeombwa ridhaa ya mtoto wake kutolewa damu anahitaji kuelezwa utafiti ni nini na kwamba ana haki ya kukataa, kwa lugha anayoota nayo. Huo ni ustadi wa kazi sawa na kujua programu ya takwimu. Andika: "Kigiriama: lugha ya kwanza, nimehoji kaya kwa lugha hii kwa kutumia programu ya KoboToolbox", ikiwa umefanya hivyo.

Mambo ni hayo hayo kwenye uhifadhi. Kule Kuruwitu, wanakijiji walianza kuhifadhi kipande cha bahari cha hekta 30 mwaka 2005, na mwaka 2017 kazi yao ikapata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Mradi wa aina hiyo husimama kwa makubaliano na wavuvi. Mhitimu anayejua majina ya samaki kwa Kilatini na pia kama yanavyotajwa na wavuvi wenyewe anaunganisha pande mbili ambazo bila yeye hazielewani.

Malindi na Watamu swali ni Kiitaliano. Waitalia walikuja na mradi wa roketi wa San Marco huko Ngomeni katika miaka ya 1960, wakafuatiwa na wenye hoteli, na leo kijana wa ufukweni anaweza kufanya biashara kwa Kiitaliano bila kukisoma darasani. Lakini "naongea Kiitaliano" haipimiki. Tumia ngazi za Ulaya, kuanzia A1 hadi C2, ambazo Mwitalia mwenye hoteli anazielewa, kisha eleza matumizi: mapokezi, kuongoza wageni katika magofu ya Gede, kujibu barua pepe. Anayezungumza vizuri lakini haandiki aseme hivyo. Akificha, siku ya kwanza kazini itamfichua.

Na yule ambaye atachimenti yake ilikuwa ya kuketi tu? Wapo wengi, na si kosa lao. Ofisi nyingine huwapokea wanafunzi na kuwaacha wakitengeneza chai. Mhitimu wa namna hiyo atazame kazi alizofanya nje ya chuo. Kuendesha kibanda cha M-Pesa cha shangazi pale Mtwapa ni kulinganisha fedha taslimu na floti kila jioni, kukagua vitambulisho na kushika daftari la miamala. Kwa nafasi ya karani wa fedha, hiyo ni tajriba. Iandikwe kwa heshima ile ile ya kazi ya ofisini, ikiwa na tarehe.

Umbo halihitaji maneno mengi. Ukurasa mmoja, au kurasa mbili kwa kazi za utafiti. Kilicho karibu zaidi na tangazo kitangulie. Epuka violezo vyenye safu mbili, majedwali na picha: waajiri wakubwa hupitisha maombi kwenye programu za kuchuja, na programu hizo huweza kusoma safu mbili kama mstari mmoja na kuvuruga kila kitu. Hifadhi kwa PDF, na faili lipewe jina lako na jina la kazi.

Wamebaki warejelewa. Chifu anaweza kusema unatoka ukoo mzuri. Hawezi kusema kama unapima samaki sawasawa. Weka msimamizi wako wa atachimenti kwanza, kisha mhadhiri aliyekusimamia mradi. Mpigie kila mmoja kabla ya kuandika jina lake, uhakikishe nambari bado ni ile, mwambie ni kazi gani unaomba, na umtumie ukurasa wenyewe. Msimamizi amepokea wanafunzi wengi baada yako. Akisoma mistari miwili inayomhusu atakukumbuka, na kama kuna mahali umetia chumvi atakwambia mapema, ukarekebisha kabla ya kutuma.