Dakika Ishirini Tu! Siku Niliyopanda Ndege Kutoka Tanga

Nimerudi juzi na bado sijatulia! Mimi ni mtoto wa Ngamiani, nimekulia kwenye zile barabara zetu zenye namba badala ya majina, na uwanja wa ndege wa Tanga nimeupita mara zisizohesabika nikiwa ndani ya basi la Dar es Salaam. Nilikuwa nauchungulia dirishani, basi likipita nauacha nyuma, na mawazo yangu yanahamia Segera kwenye mahindi ya kuchoma. Miaka yote hiyo sikuwahi kuingia ndani. Alhamisi iliyopita nimeingia, mkononi nina tiketi ya Pemba, na tangu hapo kila anayenisalimia njiani namshika mkono namsimulia.

Nianzie mlangoni. Nilikodi bajaji mjini, na kabla sijamaliza kumuuliza dereva habari za watoto wake tukawa tumefika. Uwanja uko magharibi mwa mji, jirani kabisa, si mahali pa kuamkia usiku wa manane. Kutoka kwenye kiti cha bajaji hadi kwenye kaunta nilihesabu hatua zangu: 31! Nyuma ya kaunta kijana ana karatasi yenye majina machache, akaninyanyulia macho akasema, “Karibu dada. Wewe ndiye uliyebaki wa Pemba.” Nilikuwa sijatoa hata kitambulisho.

Hapo ndipo moyo wangu ulipotekwa, na sioni haya kusema.

Halafu mizani. Jamani, mizani! Begi lilipimwa kama kawaida, nikadhani tumemaliza, nikaanza kuondoka. “Na wewe, dada, panda.” Mimi? “Wewe na mkoba wako.” Nikababaika kidogo. Mbele yangu alikuwepo bibi mmoja wa makamo ya mama yangu mkubwa, kajifunga kanga mpya ambayo bado inanukia harufu ya dukani, akacheka akaniambia, “Panda mwanangu, mie nishapanda, haiumi.” Nikapanda. Kijana akaandika namba yangu kwa kalamu bila kuitamka, kisha akanieleza kwa upole kwamba ndege yenyewe ni ya viti visivyozidi 13, na rubani hawezi kukisia: lazima ajue uzito wote, na ajue aukalishe wapi, mbele au nyuma, ili ndege isilemee upande wa mkia. Ndiyo maana ukifika unaweza kupangiwa kiti. Kwenye ndege kubwa unakuwa namba tu katika wastani wa abiria. Hapa kilo zako ni zako, na rubani anazijua.

Bibi naye alikuwa na jambo lake. Begi lake lilizidi kidogo zile kilo 15 za kawaida kwa ndege hizi. Akalifungua palepale sakafuni, akatoa mfuko wa iliki, iliki ya Amani, ya milima ile ya Usambara, kijani kibichi, na harufu ikajaa chumba kizima. Anaipeleka Chake Chake kwa pilau la harusi ya mjukuu. Kijana wa kaunta akaupima tena mfuko peke yake, akaliangalia daftari lake, akaona ndege ina nafasi, akamrudishia: “Pakata mwenyewe, bibi, usije ukapondeka huko chini.” Lebo ya begi ikafungwa kwa mkono, PMA, herufi tatu za Pemba, yangu hivyo hivyo, na pembeni TGT, herufi tatu za kwetu. Sikujua hata kama Tanga tuna herufi zetu! Lebo hiyo nimeihifadhi ndani ya msahafu.

Najua wapo wanaopima uwanja kwa marumaru na ngazi za umeme. Nazipenda pia. Jengo la tatu la Dar es Salaam lilipofunguliwa mwaka 2019 nilikwenda kulishangaa bila safari yoyote, na la Zanzibar la mwaka 2021 ni zuri ajabu. Lakini niliwahi kusimama saa nzima na nusu katika uwanja mmoja mkubwa, sitautaja, nikisubiri begi ambalo kumbe lilikuwa limekaa nyuma ya ukuta ule ule niliouegemea, na hakuna mtu aliyejua wa kumuuliza. Tanga hakuna wa kumuuliza kwa sababu begi unaliona! Nilikaa sebuleni, dirishani naona mkokoteni, juu ya mkokoteni naona begi langu la bluu, na nyuma yake naona ndege yenyewe. Yote kwa mtazamo mmoja. Ni kukaa barazani kwa mtu na kuona kinachoendelea uani.

Na watu wanakaa kibaraza kweli. Mhandisi mmoja wa kazi za bomba la mafuta la Chongoleani alikuwa akizungumza mpira na askari wa ukaguzi. Bibi alishagundua kwamba mama wa kiti cha pili ni binti wa jirani yake wa zamani wa Wete. Aliyewasindikiza wasafiri hakuagwa getini kwa haraka haraka, alikaa nao mpaka walipoitwa. Nami nilikuwa na chupa yangu ya chai na maandazi ya nyumbani, nikayazungusha, yakaisha. Ni wapi tena utakula pamoja na watu utakaopaa nao?

Tukaitwa kwa sauti ya mtu, bila kipaza sauti. Tukatembea kwa miguu yetu hadi kwenye ndege, upepo wa kusi ukizichezea kanga.

Ndege ni Cessna Caravan, na kama hujawahi kuiona kwa karibu nakuonea huruma na wivu kwa pamoja. Injini moja tu, puani. Magurudumu hayakunjwi. Mizigo huingia kwenye tumbo la chini, kama kangaruu. Na mabawa, sikiliza hili, mabawa yako juu ya madirisha! Hakuna kinachokuzibia dunia. Barabara ya kurukia ya Tanga ina urefu wa kilomita moja na ushee, wakati ya Zanzibar inafika kilomita tatu, ndiyo maana madege makubwa hatuyaoni huku; Caravan yenyewe haihitaji hata hiyo yote. Iliunguruma, ikatetemeka, ikakimbia, na nilipokuwa nahesabu nane tukawa tumeshaachana na ardhi.

Nikauona mji wangu.

Sijui niseme vipi. Barabara za Ngamiani zimenyooka kama mistari ya daftari, nikatafuta paa la kwetu, nikalipata au nikajidanganya nimelipata, haidhuru. Reli, ile iliyoanza kujengwa hapa mwaka 1893, inaingia mjini kutoka bara kama uzi. Mnara wa saa. Bandari na meli moja nyekundu. Kisiwa cha Toten na mikoko yake katikati ya ghuba, mahali ambapo utotoni tulitishana kwa hadithi za makaburi, na kutoka juu ni kijani kitupu na kitulivu. Raskazone. Kushoto, ng’ambo ya ghuba, Chongoleani, ambako bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linamalizia safari yake. Kulia pwani inajikunja kuelekea Pangani, mashamba ya mkonge yakiwa yamechanwa kwa chanuo. Kisha maji yakabadilika: rangi ya maziwa, rangi ya majani, halafu ghafla bluu nzito karibu na nyeusi. Ndipo mwambao unapoishia na Mkondo wa Pemba unapoanza, maji yenye kina kirefu mno, ambayo wazee wetu waliyavuka kwa jahazi usiku kucha wakisoma dua.

Bibi alinigonga bega. Injini ina kelele, ikabidi anipigie ukelele sikioni: “Misali ile! Nabii Khidhri aliomba msala akakosa, akasema kisiwa hiki ndicho kitakuwa msala wangu!” Nikatazama chini. Kisiwa kidogo, kimezungukwa na mkufu wa matumbawe, kimekaa katika uelekeo wa kuswalia kabisa kama anavyosema. Na ndani ya kile chumba kidogo chote, kuanzia kwa rubani hadi kiti cha mwisho, tulikuwa tunanukia iliki.

Kwa anayetaka kwenda, na nenda, tafadhali nenda: chukua begi laini, sanduku gumu halipendi lile tumbo la ndege. Fika saa moja kabla, inatosha na kubaki. Omba kiti cha dirishani upande wowote, kwa vile kila upande una neema yake. Mgonjwa wa kichefuchefu achague asubuhi, hewa ikiwa bado haijapata joto.

Mipango ya kuupanua uwanja huu imezungumziwa kwa miaka mingi, na siku ikitimia nitakuwa wa kwanza kushangilia. Tanga inastahili ndege ya abiria 70 na zaidi, inastahili bei ambayo mwalimu wa shule ya msingi anaimudu, na mgonjwa anayetoka hospitali yetu ya Bombo kwenda Muhimbili, Dar es Salaam, asilazimike kuvumilia kilomita 350 za lami. Naomba jambo moja tu kwa watakaochora ramani: dirisha lile la sebuleni libaki. Abiria aendelee kuona begi lake. Na kijana wa kaunta apewe kaunta kubwa zaidi, lakini awe yeye yule.

Tulitua Pemba dakika 20 baada ya kuruka. Kilomita 80 na kitu, bahari nzima, na chai kwenye chupa yangu ilikuwa bado ya moto. Rubani mwenyewe alishuka akampa bibi mkono kwenye ngazi. Harufu ya karafuu zilizoanikwa mahali fulani karibu ikakutana na ya iliki ya Amani palepale kwenye lami. Bibi akaweka mfuko chini, akatoa simu kifuani, akampigia mjukuu mwingine, yule aliyemsindikiza Tanga.

“Nishafika,” akasema. Akasikiliza. Akanigeukia huku kaufunika mdomo kwa upande wa kanga, macho yanacheka.

“Yeye hajafika nyumbani bado. Yumo kwenye bajaji.”