Gesti ya Zamani na Hadithi Isiyobadilika

Charles Dickens alikuwa na miaka 29 alipotoa Barnaby Rudge mwaka 1841, kipande kwa kipande, kila wiki, kwenye jarida lake mwenyewe. Ni kati ya riwaya zake zinazosomwa kidogo. Ina sura 82, na huyo Barnaby anayeipa jina, kijana mwenye akili pungufu na kunguru wake anayeongea, si yeye anayebeba kisa. Lakini mwanzo wake, jamani, ni mtamu. Kuna gesti ya zamani inaitwa Maypole, kando ya msitu wa Epping, kama maili 12 kutoka London. Ni tarehe 19 Machi 1775, usiku wa dhoruba. Ndani kuna moto, mwenye gesti na wazee wenzake watatu, na mgeni mmoja ambaye hataki kuonekana uso.

Mzee mmoja, Solomon Daisy, karani wa kanisa, anaombwa asimulie kile kisa. Kila mtu pale anakijua. Miaka 22 nyuma, tarehe hiyohiyo, tajiri wa jirani, Reuben Haredale, aliuawa chumbani kwake, mkononi ameshika kipande cha kamba ya kengele ya hatari. Msimamizi wa nyumba, Rudge, na mtunza bustani wakawa hawaonekani. Miezi baadaye ikapatikana maiti kwenye maji, imeharibika, ikatambuliwa kwa nguo, saa na pete: ni Rudge. Basi, muuaji ni yule mtunza bustani, na ametoroka. Wazee wanatikisa vichwa, wanaendelea na bia.

Hapa naitoa siri, kwa hiyo asiyependa kuambiwa aruke aya hii. Hadithi ni ya uongo, ingawa Solomon si mwongo. Rudge ndiye aliyeua tajiri, akamuua na mtunza bustani, akamvalisha nguo zake na pete yake. Na yule mgeni mwenye kofia, anayesikiliza habari za kifo chake pale pembeni, ni Rudge mwenyewe.

Edgar Allan Poe, Mmarekani mwenye ujuzi na hadithi za siri, aliandika uhakiki wa kitabu hiki mwaka 1842. Alilalamika kwamba siri ya mauaji na ghasia za London zinazojaza nusu ya pili havihusiani, kama mtu aliyeshona viraka viwili vya nguo tofauti. Wahakiki wengine wamerudia hivyo. Mimi naona Poe alikosea hapo. Tena naona sisi tunaoishi kambini tuna namna ya kuona alichokikosa.

Angalia kwanza hiyo hadithi ya gesti. Solomon anaisimulia vilevile, hapunguzi wala haongezi. Kwa sababu haibadiliki, kila mtu anaiamini. Sasa twende miaka mitano mbele, sura ya 33. Tarehe 19 Machi 1780, Solomon anaenda kanisani usiku kutia saa ufunguo, anamwona Rudge kwa macho yake, mzima. Anafanya nini? Anakimbia gesti anatetemeka kwamba ameona mzimu. Hadithi yake imeshasema yule amekufa, kwa hiyo macho yake hayana nafasi ya kusema kitu kingine.

Kinyume chake yuko Mama Barnaby. Yeye anajua ukweli wote, maana muuaji ni mume wake. Mtazame mwenendo wake lakini. Anamficha mtu anayeonekana jambazi. Anakataa pesa ambayo familia ya marehemu imekuwa ikimpa kama mjane, na hataki kusema kwa nini. Anahama na mwanawe bila kuaga. Akiulizwa anajibu nusu, au analia. Mweke kwenye kiti mbele ya afisa mwenye fomu, mweke na Solomon Daisy kwenye kiti kingine. Nani atapita?

Kila mtu kambini anajua ninachosema. Tunaambiwa mahojiano ya pili lazima yafanane na ya kwanza, tarehe kwa tarehe. Kuna watu wanakaa usiku wanajifunza maisha yao wenyewe kwa moyo kama shairi. Na kuna mama ambaye jambo lake ni zito kiasi kwamba kila akilitaja linatoka kwa sura nyingine, halafu anaandikiwa kwamba maelezo yake yana mkanganyiko. Ndugu zetu wa mashirika, siwafundishi kazi. Nasema tu Dickens aliliona hili mwaka 1841: hadithi iliyonyooka si lazima iwe kweli, na inayopinda si lazima iwe ya uongo.

Sasa ghasia. Juni 1780, Lord George Gordon aliongoza umati kupinga sheria iliyowapunguzia Wakatoliki mzigo. Hiyo ni historia. Gereza la Newgate lilichomwa, nyumba zikachomwa, jeshi likaua watu zaidi ya 200. Dickens anauleta umati huo hadi Maypole. Mwenye gesti, John Willet, ameshaambiwa habari za mjini akakataa kuziamini. Kwake mambo hayo hayawezi kuwa. Wanamfunga kwenye kiti chake, wanakunywa kila kitu, wanavunja kila kitu, halafu wanakwenda kuchoma nyumba ya Haredale, ambaye ni Mkatoliki. Ile kengele ya hatari inalia tena. Rudge anaisikia akiwa palepale gesti, anachanganyikiwa, na usiku huo anakamatwa kwenye majivu ya nyumba aliyoulia.

Kwa hiyo kengele ni moja. Kijiji kilichokaa miaka 27 na muuaji asiyejulikana, kikamgeuza kuwa kiburudisho cha jioni, ndicho kilichoshangaa moto ulipofika mlangoni. Sidhani hapo kuna viraka viwili.

Kasoro zipo. Wasichana wawili, Emma na Dolly, kazi yao ni kutekwa na kuokolewa. Umati mara nyingi unachorwa kama mnyama au bahari, haulizwi una njaa gani. Anayeponyoka ni Hugh, mtunza farasi wa Maypole, ambaye mama yake alinyongwa yeye akiwa mtoto mdogo. Hajawahi kupewa chochote, na wa kwanza kumkabidhi kazi ya maana ni wale wanaomtuma kuchoma. Tunawajua vijana wa namna hiyo. Wengine tulisoma nao.

Kitabu ni cha zamani, haki zake zimeisha, kinapatikana bure kwenye intaneti kwa Kiingereza. Kama sura 82 zinakutisha, soma ya 1, kisha ya 33, kisha 54 hadi 56. Baada ya hapo rudi ukamtafute Mama Barnaby, umsome polepole. Ukimsoma haraka utamshuku tu.