Vyuma Vikianguka

Ukitaka kumjua fundi sakafu, usianze na bei. Mwingize kwenye chumba chenye marumaru, kisha mtazame. Aliyeiva atachuchumaa na kugonga kwa kifundo cha kidole, kipande kimoja baada ya kingine, akisikiliza. Gundi ilipoenea, mlio ni mzito na mfupi. Palipobaki uwazi chini, panalia kama debe. Hapo atanyanyuka aseme chumba hiki si cha kuingiza vyuma vya mazoezi.

Na watu wanaingiza. Stoo, banda la gari, kibaraza cha nyuma: Dar es Salaam siku hizi kila pembe yaweza kugeuzwa chumba cha mazoezi. Vyuma vingine ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba, nami sivicheki, maana kilo ni kilo. Ila fedha zote huishia kwenye vyuma na kioo cha ukutani. Sakafu hukumbukwa marumaru ya kwanza ikipasuka.

Chuma cha kilo 100 kikitulia chini hakina ubaya. Kabati lililojaa nguo laweza kuwa na uzito zaidi. Ubaya uko kwenye kuanguka. Kikidondoka kutoka mita 1 na kuzuiwa ndani ya sentimita 1, sakafu hupokea kwa wastani nguvu ya takriban tani 10. Kikizuiwa ndani ya sentimita 2, nguvu hiyo hupungua nusu. Ufundi wote wa sakafu ya mazoezi ni kuitafuta hiyo sentimita ya pili.

Mpira ndio unaoitoa. Lakini mpira ukilazwa juu ya jamvi bovu la zege ni pambo tu, na jamvi zuri huanza pasipoonekana: kifusi kilichoshindiliwa tabaka kwa tabaka, mawe, nailoni ya kuzuia unyevu usipande na kuozesha vilivyo juu, wavu wa chuma uitwao BRC, kisha zege. Mchanga fundi huusugua viganjani. Ukiacha tope mikononi, anaukataa. Wa baharini haugusi, kwa kuwa chumvi yake huila nondo. Baada ya kumwaga huja kazi isiyo na sifa, kumwagilia maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Nguvu ya zege hupimwa siku ya 28, na mwenye nyumba anataka kuhamia siku ya nne. Fundi anayeweza kumzuia tajiri wake kwa maneno mazuri ni fundi mara mbili.

Juu ya jamvi hujengwa jukwaa. Plaiwudi ya milimita 18 hulazwa matabaka mawili, la pili likikatiza la kwanza ili maungio yasikutane. Tabaka la tatu katikati ni mbao, anaposimama mnyanyuaji, kwa sababu mguu unataka kitu kisichobonyea. Pembeni, vyuma vinapotua, ni mpira. Skrubu hazipigwi upande huo. Mbao na mpira vikutane sawasawa, na hapa pimamaji haitoshi: fundi hupitisha kiganja juu ya ungio huku akiangalia kando, na akihisi hata ukingo mdogo, mpira unang'olewa na kuanza upya. Kidole cha mguu kikijikwaa pale mtu akiwa amenyanyua kilo 80 juu ya kichwa, si mchezo.

Lakini si kila sakafu ina jamvi la kubeba haya yote. Mji Mkongwe, Unguja, ghorofa za zamani zimelala juu ya boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vyake ni vyembamba, upana wa mita 3 hivi. Juu ya boriti kuna mawe na chokaa iliyopondwapondwa kwa fimbo, wapondaji wakienda na wimbo. Ni sakafu ya kuheshimiwa, lakini haikuwekwa kwa ajili ya vyuma vya kudondoshwa. Mwenye chumba cha juu katika nyumba kama hiyo, fundi mwaminifu humwelekeza uani, na pengine kazi yenyewe akaikosa kwa kusema hivyo.