Swali Alilojibu Mpishi

Mapema Juni 2011, mpishi wa mgahawa mmoja kaskazini mwa Ujerumani alitakiwa kueleza mapishi yake kinaganaga: kila sahani hutiwa nini, kwa kiasi gani, kipi hupikwa na kipi huachwa kibichi, na nini hunyunyizwa juu dakika ya mwisho kabla mhudumu hajaichukua. Waliomuuliza walikuwa watafiti wa magonjwa ya mlipuko. Wakati huo zaidi ya watu elfu moja walikuwa wameugua, wengi wakihara damu, na hakuna aliyejua ni chakula gani kilichowaponza.

Habari zilianzia Hamburg. Tarehe 19 Mei, Taasisi ya Robert Koch iliyoko Berlin iliarifiwa kwamba watoto watatu wa mji huo wamelazwa, figo zao zikigoma kufanya kazi. Kesho yake watafiti walikuwa Hamburg. Bakteria aliyehusika alikuwa aina ya E. coli iitwayo O104:H4, na tabia yake ilikuwa ngeni. Kwa kawaida maradhi hayo ya figo huwapata watoto wadogo. Safari hii wodi zilijaa watu wazima, hasa wanawake waliokuwa na afya njema.

Kazi ya mtafiti wa aina hii huanza kitandani kwa mgonjwa, na chombo chake cha kwanza ni swali: ulikula nini? Linasikika jepesi. Lakini O104:H4 alichukua takriban siku 8 tangu kumezwa hadi tumbo kuanza kusokota. Ongeza siku za kulazwa, homa na hofu, na mtafiti anamwomba mgonjwa akumbuke chakula cha mchana cha wiki mbili zilizopita. Mtu hukumbuka nyama aliyoagiza. Majani machache yaliyopamba pembeni mwa sahani, nani huyakumbuka?

Kwa hiyo mahojiano ya mwanzo yalielekeza kidole kwenye nyanya mbichi, matango na saladi. Wananchi wakaonywa wasivile. Kisha tarehe 26 Mei mamlaka za Hamburg zikatangaza kwamba bakteria amepatikana kwenye matango kutoka Uhispania. Siku chache baadaye vipimo vilionyesha kwamba aliyekuwa kwenye matango hayo si yule anayeua watu. Mazao yalikuwa yameshatupwa mashambani, Urusi ikafunga milango kwa mboga zote za Umoja wa Ulaya, na umoja huo ukalazimika kutenga zaidi ya euro milioni 200 kuwafidia wakulima.

Hapo ndipo ufundi wa watafiti hawa unapostahili sifa. Wangeweza kuwarudia wagonjwa walewale na dodoso refu zaidi. Badala yake walijiuliza ni nani mwingine anayejua kilichokuwa kwenye sahani. Mlaji husahau, mpishi hasahau, kwa kuwa mkono wake hurudia jambo lilelile kila siku. Yakatafutwa makundi ya watu waliokula pamoja katika mgahawa ule, baadhi yao wakaugua na wengine wakabaki wazima. Zikakusanywa orodha za walichoagiza na bili walizolipa, zikatazamwa hata picha walizopigana mezani. Kisha kila sahani ikavunjwavunjwa kwa maelezo ya mpishi hadi ikabaki viungo vitupu.

Makundi yalifika 10, yenye watu zaidi ya 150. Waliopakuliwa machipukizi, zile mbegu zilizooteshwa na kuliwa mbichi, walikuwa na hatari ya kuugua mara 14 kuliko wenzao. Hakuna mgonjwa hata mmoja katika makundi hayo ambaye sahani yake haikuwa nayo. Na katika uchunguzi mwingine wa siku hizohizo, wagonjwa 24 walipoulizwa wenyewe, ni 6 tu waliokumbuka kula machipukizi. Tarehe 10 Juni taasisi za serikali zikatangaza matokeo na kuondoa onyo dhidi ya nyanya, matango na saladi. Mlipuko ulipotangazwa kwisha mwishoni mwa Julai, walioambukizwa walikuwa zaidi ya 3,800, na zaidi ya 50 walikuwa wamefariki.

Bado palikuwa na fundo moja. Mwezi uleule wa Juni watu waliugua Bègles, karibu na Bordeaux, Ufaransa, kwa bakteria yuleyule, ingawa machipukizi waliyokula yalioteshwa hukohuko. Kilichounganisha nchi hizo mbili kilikuwa mbegu. Watafiti walifuata hati za mizigo, kutoka shamba la machipukizi la Lower Saxony, Ujerumani, hadi kwa wauzaji, kutoka kwa wauzaji hadi bandarini, wakaishia kwenye shehena moja ya uwatu: uwatu huuhuu ambao jikoni kwa watu wa pwani hulowekwa usiku kucha ukavimba na kutoa utelezi. Maabara hazikufanikiwa kumpata bakteria ndani ya mbegu zenyewe. Ushahidi ulisimama juu ya karatasi na maneno ya watu. Shehena ilikuwa imeondoka Misri mwishoni mwa 2009, takriban tani 15, ikagawanywa na kuuzwa, ikakaa ghalani kavu zaidi ya mwaka, mpaka mtu alipoitia maji na kuiweka mahali penye joto.