Siku ya Kuvua Huanzia Mlimani

Kazi ya mvuvi inayoonekana na watu ni ile ya ukingoni mwa maji, lakini sehemu inayostahili zaidi kuitwa ustadi hukamilika kabla hajatoka nyumbani, anapotazama anga, tarehe ya mwezi na wingu lililokaa juu ya mlima, kisha akaamua kama kesho ni siku ya kwenda au ni siku ya kushona nyavu. Uamuzi huo haupigiwi vigelegele wala hauna shahidi, na ndiyo sababu umesifiwa kidogo kuliko mkono unaotupa mshipi, ingawa mkono hodari uliofika majini siku isiyofaa hurudi na kikapu kitupu sawa na mkono wa mwanagenzi. Katika nchi ya Embu na Meru ustadi huu una sura ya pekee, kwa kuwa uvuvi wa huko ni wa maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi, na sehemu kubwa ya maji hayo hutoka mahali pamoja, katika Mlima Kenya.

Mlima huo una kimo cha mita 5,199, na mabwawa ya Masinga na Kamburu kwenye Mto Tana, yaliyo chini yake upande wa Mbeere, yako kwenye mwinuko wa mita 1,000 hivi, ilhali umbali kati ya kilele cha Batian na bwawa la Kamburu hauzidi kilomita 100 kwa mstari ulionyooka. Katika mteremko huo mfupi Rupingazi hupita Embu mjini na kwenda kuungana na Thiba, Thuchi hutenga Embu na Tharaka-Nithi, Nithi na Mutonga hukata makorongo yake, na Kathita hupita Meru mjini kabla ya kushukia joto la Tharaka, na mito yote hiyo huishia Tana. Anayepanga safari ya kuvua hapa hupanga kwanza kimo, ndipo apange siku, kwa sababu samaki wa juu na samaki wa chini hawaishi msimu mmoja hata kama kalenda ya ukutani ni moja. Jina lenyewe la maji baridi ni kweli tupu kwenye vijito vya msituni, na si kweli sana pale Masinga saa nane mchana.

Jamii nyingi za mlimani hazikuwa na desturi ya kula samaki, na kwa hiyo hazikurithi hazina ya elimu ya uvuvi kama ile waliyo nayo Waswahili wa pwani au watu wa Ziwa Viktoria. Elimu inayotumika leo imefumwa kwa nyuzi tatu zilizokutana hapo katika muda unaozidi karne moja kidogo: elimu ya trauti iliyoletwa na Waingereza, elimu ya mwezi ya wavuvi wa ziwani na baharini, na elimu ya mvua ya mkulima mwenyeji, ambaye amesoma mbingu za Embu na Meru tangu zamani kwa ajili ya mtama, ndengu na viazi vikuu. Uzi huu wa tatu ndio wenye nguvu kuliko mingine, na ndio unaotajwa kwa nadra.

Trauti, samaki mwenye madoadoa wa ukoo mmoja na samoni, aliingia Kenya mwaka 1905, wakati Ewart Grogan alipoleta mayai yake kutoka Uskoti na kuyaweka katika Mto Gura kwenye safu ya Aberdare. Baadaye alisambazwa katika mito ya Mlima Kenya na katika maziwa madogo ya juu, kama Rutundu upande wa Meru na Ellis kwenye njia ya Chogoria. Athari ya enzi hiyo bado inasomeka kwenye kibao cha hoteli moja ya Embu mjini, Izaak Walton, inayobeba jina la Mwingereza aliyechapisha kitabu chake juu ya uvuvi wa ndoana mwaka 1653. Hata hivyo, Walton aliandikia nchi ambayo majira yake hupimwa kwa urefu wa mchana na kwa baridi ya kipupwe kirefu, ilhali Embu na Meru zimekaa juu ya ikweta au hatua chache tu kutoka kwake, jua huchomoza na kutua karibu saa zilezile mwaka mzima, na kinachotenganisha msimu na msimu ni mvua.

Mvua hizo huja mara mbili, masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na mgeni aliyezoea kuambiwa kwamba masika ndiyo mvua kubwa hukosea anapofika upande huu, kwa sababu Meru na nyanda za chini za Mbeere huitegemea zaidi mvua ya vuli. Kati ya Juni na Agosti hufuata majira ya baridi, ambapo upepo wa kusi huusukumia unyevu kwenye miteremko ya mashariki, mashamba ya chai yakafunikwa na ukungu na manyunyu yakaendelea siku nzima bila kuijaza mito. Majira hayo, ambayo mkulima huyalalamikia kwa kuwa mahindi hayakauki, ni zawadi kwa mvuvi wa trauti: maji hubaki na ubaridi, na maji yenye ubaridi hubeba oksijeni nyingi zaidi, yaani ile hewa ambayo samaki huivuta kwa mashavu yake, wingu huondoa kivuli cha mtu juu ya maji, na trauti, ambaye huona vizuri na kushtuka upesi, hukaribia uso wa maji bila woga. Januari na Februari, jua la kaskazi linapowaka, mto uleule huwa mwembamba na mwangavu kama kioo, na safari ya maana hubaki ile ya alfajiri au ya magharibi.

Jambo linalohitaji busara kuliko yote ni ule muda unaopita kati ya mvua na maji. Anga ya Embu mjini inaweza kuwa safi kabisa, lakini ikiwa usiku wingu zito lilikuwa limekaa juu ya msitu, Rupingazi itafika mjini ikiwa imebeba udongo, na atakayeamua kwa kutazama juu ya paa lake mwenyewe atakuwa amesoma ukurasa usiohusika. Kwa hiyo mpangaji mzuri hutazama mlima jioni, huuliza watu wa maeneo ya juu kama kumenyesha, na akifika mtoni huzamisha mkono hadi kwenye kiwiko na kutazama vidole. Vidole vikionekana vyote na mistari ya kucha zake, maji ni mangavu mno, na mshipi mwembamba na subira ndefu vitahitajika; vikionekana kama kivuli cha rangi ya kahawia, hiyo ni saa njema, kwa kuwa samaki huona chambo kilicho karibu na haoni mtu aliyesimama mbali; visipoonekana kabisa, trauti hatakula, na aliye chini, Kamburu au Masinga, ndiye mwenye bahati siku hiyo.

Bahati hiyo ni ya kambare, samaki mwenye sharubu ndefu na ngozi isiyo na magamba, ambaye hutafuta chakula kwa kunusa na kugusa zaidi kuliko kwa kuona, na ambaye anaweza kuvuta hewa ya juu ya maji pale oksijeni ya majini inapopungua. Mafuriko ya kwanza ya msimu humwamsha: huelekea kwenye majani yaliyofunikwa na maji mapya ili kutaga, huku samaki wa jamii ya Labeobarbus, wenye magamba makubwa na ndevu fupi midomoni, wakipanda mito kwa sababu hiyohiyo. Hapo mpangaji hukabiliwa na swali la haki, kwa kuwa siku ambayo samaki ni rahisi kupatikana ni siku ambayo amebeba kizazi kijacho, na ustadi unaojua siku hiyo bila kujua kuiacha ni ustadi nusu.

Mabwawa nayo yameongeza saa nyingine ambayo haikuwepo kabla ya Kindaruma kukamilika mwaka 1968. Masinga, lililokamilika mwaka 1981, ni ghala la maji ya msururu mzima, kwa hiyo maji yake hupanda baada ya mvua na kushuka kadiri umeme unavyozalishwa, ilhali kiasi cha Kamburu, Gitaru na Kindaruma hakibadiliki sana. Mwaka 2009 ukame ulishusha Masinga hata mitambo yake ikasimamishwa, na mwaka 2024 mvua za masika zikalifurisha. Kwa mvuvi wa ngege, ambaye wengi humwita tilapia, mabadiliko hayo ni maandishi: dume huchimba shimo la mviringo, pana kama sinia, kwenye maji ya kina kifupi, na jike hutaga humo kisha akayabeba mayai kinywani mwake hadi yaanguliwe; maji yakishuka, mashimo hayo hubaki juu ya tope kavu yakiwa yamepangana kama alama za vikombe juu ya meza, na anayeyahesabu leo hujua ni ufuko upi wa kuuheshimu maji yatakaporudi.

Baada ya mvua ndipo uje mwezi, ingawa mazungumzo mengi ya wavuvi huanza nao. Pwani, mwezi hutawala kwa mvuto: unapoandama na unapokuwa mpevu maji huwa ya bamvua, yaani kujaa na kupwa kukubwa, na katikati huwa maji mafu, kwa hiyo mvuvi wa Lamu au wa Pemba huhesabu siku za mwezi kama mwenye duka ahesabuvyo fedha. Hesabu hiyo haipandi mlima. Katika bwawa la Masinga hakuna kujaa wala kupwa kunakoonekana kwa jicho, na mwezi hufanya kazi yake kwa njia nyingine, kwa mwanga. Wavuvi wa dagaa katika Ziwa Viktoria wameonyesha jambo hili kwa uwazi wote, kwa kuwa huvua kwa taa usiku wa giza na kupumzika wakati wa mbalamwezi, pale taa inaposhindwa kushindana na anga. Katika ziwa hilohilo mtafiti Hartland-Rowe alieleza mwaka 1955 kwamba mdudu aitwaye Povilla adusta, ambaye utoto wake wote hupita majini, huibuka kwa wingi siku chache tu baada ya mwezi kupevuka, na kila kinachoibuka kwa wingi hualika wanaokila.

Kwa nyavu za kutega Kamburu au Masinga, funzo la ziwani linashika vizuri: usiku wa giza wavu hauonekani, na usiku wa mwezi mpevu samaki huukwepa. Mwezi huchelewa kuchomoza kwa dakika 50 hivi kila siku, kwa hiyo siku tatu au nne baada ya kupevuka mvuvi tayari ana saa kadhaa za giza mwanzoni mwa usiku, na anayejua hesabu hiyo hutega mapema na kuzitoa nyavu kabla mwanga haujafika. Upande wa mlima, ambako wingu huuficha mwezi majuma mazima, tarehe yake ina uzito mdogo zaidi. Majedwali yaliyotokana na fikra za Mmarekani John Alden Knight za mwaka 1926, yanayodai kwamba samaki hula zaidi mwezi unapokuwa utosini au upande wa pili wa dunia, husomwa hapa pia, na ushahidi wake katika maji baridi ni mdogo kuliko sifa zake; faida yake iko katika kumfundisha mtu kutazama saa na kuandika alichokiona.

Vilevile kanieneo ya hewa, yaani uzito wa hewa unaoukandamiza uso wa maji, huhitaji kusomwa kwa macho ya ikweta. Katika nchi za mbali na ikweta barometa hushuka dhoruba inapokaribia, na wavuvi wa huko hupanga safari kwa kushuka huko; Embu na Meru, kanieneo hupanda na kushuka mara mbili kila siku kwa utaratibu wake, ikifika juu karibu saa nne na chini karibu saa kumi, mchana na usiku, na mwendo huo wa kawaida mara nyingi hushinda ule unaoletwa na hali ya hewa. Aliyeazima kanuni za Ulaya atadhani dhoruba inakuja kila alasiri.

Hesabu hizi zote hukutana na nyingine isiyovumilia makosa. Hifadhi ya Mwea, iliyotengwa mwaka 1976 pale Thiba inapokutana na Tana, ina viboko na mamba, na kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani, hivyo usiku uleule wa giza unaofaa nyavu ndio unaomficha mnyama huyo njiani. Mpangaji anayejali watu wake huchagua mahali pa kutia mtumbwi mchana, akitazama nyayo na njia zilizokanyagwa kwenye majani, na kama njia ni mbichi huuacha ufuko huo hata kama giza ni zuri.

Chombo kikuu cha ustadi huu ni daftari la kurasa zilizokunjamana kwa unyevu, lenye tarehe, siku ya mwezi, mahali wingu lilipokaa, rangi ya maji na kilichopatikana. Na baada ya miaka kadhaa ya vuli na masika, thamani yake hupita ya jedwali lolote lililochapwa mbali. Siku zisizoendewa nazo huandikwa humo kwa uangalifu uleule. Ukurasa mmoja wa namna hiyo, wa Novemba, huweza kueleza kwamba wingu lilikuwa limeshuka hadi kwenye mashamba ya chai, mwezi ulikuwa na siku tatu tangu uandame, na Rupingazi ilipita chini ya daraja ikiwa na rangi ya chai ya maziwa. Mshipi haukufunguliwa, na minyoo ya chambo ikarudishwa kwenye udongo wenye unyevu chini ya migomba.