Gi Haichaguliwi kwa Weupe

Mwalimu wa karate anayejua kazi yake hamwambii mzazi atafute gi (vazi la mazoezi) inayong'aa zaidi dukani. Humwambia aipindue. Huko ndani ndiko fundi asikoweza kudanganya: mshono wa begani ama umelazwa na kupigwa cherehani mara mbili, ama umeachwa nyuzi zikining'inia. Halafu atazame kwapani. Gi iliyoshonwa vizuri ina kipande cha ziada pale, kisichozidi ukubwa wa kiganja, ili mkono uinuke bila kulivuta koti zima. Katika nguo yote mimi hukistahi kipande hicho kuliko kitu kingine. Kikikosekana, kila mara mtoto anapoinua mkono kuzuia pigo la kichwani koti huchomoka kwenye mkanda, na mshono huanza kuachia.

Koti la judo lina kazi nzito zaidi, kwa kuwa mpinzani analishika na kulivuta kwa nguvu zake zote. Kwa hiyo hufumwa kwa vinundu vidogo vidogo mfano wa punje za mchele, na la mashindano huwa na uzito wa karibu gramu 700 kwa mita ya mraba. Ukosi wake ni tabaka juu ya tabaka, umepitishwa mistari ya uzi inayokwenda sambamba kutoka shingoni hadi kwenye pindo. Ukipitisha kidole gumba juu ya mistari hiyo utatambua mara moja mkono uliotulia na mkono uliokuwa na haraka. Jigoro Kano, mwasisi wa judo, alipoanzisha shule yake ya Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882, makoti yalikuwa na mikono mifupi, ambayo ilirefushwa baadaye. Karate iliazima vazi hilo na kulipunguza uzito. Turubai la wakia 8 linamtosha anayeanza. La wakia 12 husimama vizuri mwilini, na ngumi ikinyooshwa sawasawa mkono wa koti hulia.

Lakini Parklands, mtaa wa Nairobi, si mahali pa kununua uzito kwa sifa. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hutanda juu ya Nairobi siku nyingi, na nguo nzito iliyoanikwa kwenye baraza ya ghorofa huweza kulala na unyevu hadi kesho yake. Mwenye gi moja tu na achukue nyepesi. Tena asiiache mkobani. Ikifungwa na jasho, huku gari limekwama kwenye msongamano wa Barabara ya Limuru, koga hupata nafasi, na vile vidoa vyeusi vya ukosini vikishaingia havitoki.

Ifuliwe siku ile ile, kwa maji baridi na sabuni ya kawaida. Klorini ya kung'arishia nguo nyeupe inakula pamba. Gi hupendeza wiki chache, kisha ukosi unachanika mkononi mwa mwenzako. Ikiwa bado mbichi, vuta ukosi unyooke, pitisha fimbo mikononi mwa koti, na uianike kivulini palipo na upepo.

Gi mpya ya pamba hurudi. Iloweke kwanza, ikauke, ndipo uipeleke kwa fundi ikapunguzwe. Mafundi wa mtaa wa Ngara wanaoshona sare za shule wanaijua kazi hii barabara: hukunja mkono wa koti kwa ndani na kuushikiza kwa mshono mrefu, ili mtoto akirefuka ufumuliwe bila kuacha tundu. Kukunja kwa nje hakufai, maana mkunjo hunasa vidole vya mwenzake.

Wako wanaoamini mkanda haufuliwi. Naheshimu imani yao, ila mkanda nao hunywa jasho. Ufuliwe peke yake, kwa maji baridi, kwa kuwa rangi yake ikichuja itaishika gi.